Mwaka mmoja wilayani au mjini? Ulinganisho kwa daktari aliyetoka intern

Mwezi uliopita daktari mmoja kijana, binti niliyemsimamia alipokuwa intern, alinitumia ofa mbili kwa WhatsApp. Ya kwanza ilitoka polikliniki ya Dar es Salaam: zamu za saa nane, kiyoyozi, wagonjwa wengi wa bima. Ya pili ilikuwa mkataba wa mwaka mmoja katika hospitali teule ya wilaya inayoendeshwa na kanisa, mbali na lami. Chini yake aliandika: "Shikamoo dokta. Nichukue ipi? Baadaye nataka kusomea upasuaji." Nilimjibu kwa sauti, dakika saba nzima, kisha nikajisikiliza na kukuta nusu yake ni manung'uniko yangu ya zamani. Hapa najaribu tena kwa utulivu.

Niseme mapema nilikotokea, ili ujue mizani yangu imeelemea wapi. Nilikaa hospitali ya wilaya upande wa Ziwa Victoria miezi 14, nikarudi Dar kufanya polikliniki miezi 8, ndipo nikaenda kusomea ubingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi. Kote kuwili nilipata kitu, na kote kuwili niliumia.

Hapa Tanzania uchaguzi huu ni wa mtu mwenyewe. Ukimaliza miaka mitano ya MD, yaani shahada ya udaktari, na mwaka wa intern, ukasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, hakuna anayekulazimisha kupitia kijijini. Ajira ya serikali ikitoka utapangiwa kituo, ndiyo, lakini wengi siku hizi huisubiri kwa miezi huku wakijitolea, na ofa kama hizi mbili huja katikati ya kusubiri huko. Afrika Kusini mambo ni tofauti: tangu mwaka 1998 daktari akimaliza intern hufanya mwaka mmoja wa huduma kwa jamii, akilipwa mshahara, na bila mwaka huo haruhusiwi kufanya kazi kwa kujitegemea. Mexico walianza zamani zaidi, mwaka 1936, wakati Gustavo Baz akiongoza shule ya tiba ya chuo kikuu cha taifa. Kwao anayekwenda ni mwanafunzi anayemalizia masomo, wanamwita pasante, na mara nyingi hukabidhiwa kliniki ya kijiji akiwa daktari pekee, kwa posho ndogo. Nchi hizo mbili nitazirudia, maana zimeshajaribu kwa maelfu ya watu kile ambacho wewe unataka kukijaribu kwa mwaka wako mmoja.

Mikono

Tusidanganyane. Wengi wetu tunamaliza intern tukiwa mabingwa wa kushika ritrakta. Hospitali ya rufaa ina bingwa, ina marejista wanaosomea ubingwa, ina wanafunzi, na wewe intern unasimama upande wa pili wa kitanda ukivuta tumbo lisijifunge. Ukibahatika unafunga ngozi.

Wilayani foleni hiyo haipo. Wiki yangu ya pili nilipewa mama wa kujifungua kwa upasuaji, na aliyesimama mbele yangu hakuwa bingwa, alikuwa daktari msaidizi. Kwa wasiojua, hii ni kada ya watu waliokuwa matabibu, wakafanya kazi, wakarudi chuoni kuongezewa elimu ikiwamo upasuaji. Tangu miaka ya 1960 wao ndio waliobeba vyumba vya upasuaji vya wilaya za nchi hii. Mafunzo yao yamesitishwa, na waliobaki wengi wanakaribia kustaafu. Wangu alikuwa mzee wa maneno machache. Aliniita dokta, nami nikimwita mzee, na tulijua wote kwamba digrii ilikuwa yangu na mkono ulikuwa wake. Nilipotaka kukata haraka kumtoa mtoto aliniwekea kidole juu ya mkono. "Dokta, usimkimbilie mtoto. Kwanza jua kibofu kiko wapi." Hadi leo nikifungua tumbo lenye kovu la zamani nasikia sauti ile.

Kufikia mwezi wa sita nilikuwa nafanya peke yangu upasuaji wa uzazi, ngiri, mimba iliyotunga nje ya kizazi, na kusafisha mifupa iliyovunjika ikatoboa ngozi. Bodaboda hazina sikukuu. Ganzi ya mgongo nilijifunza kwa muuguzi wa usingizi. Kupima ujauzito kwa ultrasaundi nilijifunza kwa sababu mpigaji alikuwa likizo na mashine ilikuwa imekaa tu.

Polikliniki hupati hayo hata ukikaa miaka mitano. Lakini kuna niliyoyapata huko ambayo wilaya haikunipa kabisa, na watu huyadharau. Presha na kisukari, kwa mfano. Kijijini mgonjwa wa presha nilimwona mara moja, siku alipopooza upande. Mjini nilimwona kila mwezi, nikabadilisha dozi, nikaona figo zake zinavyokwenda, nikajifunza kwamba tatizo halikuwa dawa, tatizo ni kwamba alikuwa anaigawana na mume wake. Huo ni udaktari mgumu na hauna damu wala makofi. Mjini pia nilijifunza kuandika. Bima ikirudisha fomu kwa sababu hukueleza ulichompimia mgonjwa, na mwenye kituo akakuonyesha hasara, utaandika vizuri tu.

Kwa hiyo, anayetaka upasuaji, uzazi, mifupa, dharura au usingizi, kwa kigezo hiki wilaya inashinda kwa mbali. Anayetaka magonjwa ya ndani, ngozi au akili, pengo ni dogo kuliko anavyoambiwa.

Aliye nyuma yako

Hiki ndicho kigezo ninachokipa uzito kuliko vingine vyote vikijumlishwa.

Miezi yangu 14 haikuwa sawa. Mitano ya kwanza nilikuwa na yule mzee. Kisha akahamishwa. Mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, alikuwa mtu mzuri aliyekuwa kwenye vikao na semina karibu kila wiki. Nikabaki mimi na daktari mwenzangu tuliyemaliza naye mwaka mmoja, yaani vipofu wawili wenye fimbo moja.

Usiku mmoja wa Jumamosi aliletwa mama wa uzazi wa tano, uchungu siku mbili nyumbani, tumbo limelegea na mtoto anapapaswa juu juu. Mfuko wa uzazi ulikuwa umepasuka. Nilijua jina la tatizo hilo, nililisoma, nililijibia mtihani. Damu ya kundi lake benki haikuwepo. Simu ya bosi haikupatikana. Mwenzangu alikuwa safarini kumzika baba yake. Nilimfungua kwa sababu barabara ya kwenda rufaa ilikuwa saa nne na hangefika. Ndugu wawili walitoa damu tukiwa tumeshaanza. Mtoto alikuwa ameshakufa. Mama aliishi, na baada ya siku 9 aliondoka kwa miguu yake akanishukuru, jambo lililonichoma kuliko angenitukana.

Watu husema usiku kama ule ndio unaomjenga daktari. Nilijifunza, siwezi kukataa. Ila mtu wa kumpigia simu angenifundisha yaleyale, na pengine bila hofu kubwa hivyo na haraka zaidi. Mwenzangu yeye aliacha tiba mwaka uliofuata. Anauza vifaa vya maabara, ana raha zake, na akiulizwa kwa nini aliacha hubadilisha mazungumzo.

Afrika Kusini, ambako wachunguzi wamewauliza madaktari wa mwaka wa jamii kwa miaka 15 mfululizo, wengi walisema wamekua kikazi, na kati ya yaliyotofautisha mwaka mzuri na mbaya, usimamizi ulikuwa mbele. Mexico miaka yote wanapiga kelele hiyohiyo kuhusu pasante: kijana ambaye hajamaliza kusoma anaachwa peke yake, tena mahali pengine hata usalama wake ni wa mashaka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) kuhusu watumishi wa vijijini, wa 2010 na ule uliohuishwa 2021, nao hausemi "wapelekeni vijijini" tu. Unaambatanisha na msaada wa kitaalamu, makazi, na njia ya kuendelea na masomo.

Sasa usidhani mjini ndiko kwenye usimamizi. Polikliniki yangu ilikuwa na bingwa jina lake likiwa ubaoni, aliyekuja Jumanne na Alhamisi jioni. Siku nyingine mkubwa wangu alikuwa mhasibu. Aliwahi kuniuliza kwa upole kwa nini naandika vipimo vichache hivyo. Ukikaa miaka miwili bila mtu wa kukusahihisha unazoea makosa yako, na kwa kuwa wagonjwa wa nje wengi hupona wenyewe, hutayajua.

Mambo yamebadilika kidogo tangu zama zangu. Kuna namba 115 ya m-mama ya usafiri wa dharura wa wajawazito na wachanga, iliyoanza kusambazwa nchi nzima 2022; ningekuwa nayo usiku ule ningepiga hata kabla ya kuvaa glavu. Tangu 2024 timu za madaktari bingwa hupita hospitali za halmashauri kwa wiki, zile zinazoitwa za Mama Samia. Wiki moja haitoshi kujifunza upasuaji. Inatosha kupata namba ya simu ya bingwa ambaye ameshakuona ukifanya kazi na atapokea saa nane usiku. Na makundi ya WhatsApp ya madaktari, ukiyaondolea siasa na matangazo ya viwanja, yameokoa watu.

Kuona ugonjwa unakotoka

Nikiwa intern Mwanza tulipokea wanaume wa visiwani wakitapika damu mabeseni. Kichocho cha muda mrefu kimeharibu ini, mishipa ya koo la chakula imevimba, imepasuka. Tunaongeza damu, bingwa anaingiza kamera anafunga mishipa, mgonjwa anapona, anarudi kwao. Nilikuwa naona ni udaktari wa hali ya juu, na ndivyo ulivyo.

Mwaka uliofuata nilitoka na timu ya huduma mkoba tukaenda kwenye mwalo mmoja. Saa kumi na mbili asubuhi mitumbwi ya dagaa inarudi. Watoto wako majini hadi kiunoni wakiosha vyombo, kina mama wanachota maji ya kupikia hatua chache kutoka hapo, na vyoo vilikuwa viwili kwa mwalo mzima, kimoja kimefungwa kwa kufuli. Muuguzi niliyekuwa naye, mama wa makamo aliyeujua ufukwe ule kama sebule yake, aliniuliza: "Dokta, unatafuta kichocho? Si hicho hapo kinaogelea." Shuleni walikuwa wanagawiwa prazikwanteli, dawa ya kichocho. Walikuwa wanameza na kurudi majini mchana huohuo.

Sikugundua chochote kipya siku ile, vitabu vyote vinasema hivyo. Lakini tangu hapo sijaweza kumwandikia mtu dawa bila kujiuliza anarudi kulala wapi. Wengine nimewaona mwaka kama huo ukiwageuza kabisa: aliyetaka kuwa daktari wa moyo akaenda kusomea afya ya jamii, sasa ni mganga mkuu wa halmashauri na anagombania bajeti ya vyoo kwa hasira ambayo wenzake hawaielewi. Mwingine alitoka huko akiwa na hakika kwamba hataki tena kuona kikao cha kijiji maishani mwake, akaenda radiolojia. Yeye nampongeza vilevile. Ni afadhali kujua hilo ukiwa na miaka 27.

Siku hizi kazi hiyo ina mikono zaidi. Serikali ilizindua mwaka 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ikilenga zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano, na Kenya mwaka mmoja kabla walishatoa wahamasishaji wao wapatao 100,000. Daktari wa wilaya anayejua kukaa na wahudumu hawa, kusoma vitabu vyao vya MTUHA, yaani vya takwimu za afya, na kuuliza kwa nini kijiji fulani hakijaleta mjamzito hata mmoja miezi miwili, anajifunza fani ambayo mjini haifundishwi.

Ila kuna mtego. Wilayani madaktari ni wachache, na kijana mwenye digrii anayeandika ripoti vizuri huonekana haraka. Mara unakaimu, mara uko kwenye timu ya afya ya halmashauri, mara kila wiki una semina. Posho ni nzuri. Mwaka ukiisha unagundua umeshika kalamu kuliko kisu. Kama uongozi ndio wito wako, hakuna njia fupi zaidi ya hiyo. Kama unataka upasuaji, jifunze kusema "mkuu, leo nina orodha ya theatre" kwa sauti ya unyenyekevu na uso usiotabasamu.

Pesa

Mshahara wa serikali ni uleule Kakonko kule Kigoma na Kinondoni ya Dar kwa cheo kilekile. Hakuna nyongeza ya maana ya kukaa mbali, na hilo ni kosa la sera ambalo limezungumzwa hadi limechosha. Fedha ya kujikimu unapoanza kazi hutegemea halmashauri na subira yako. Nenda na akiba ya miezi miwili. Posho za kuitwa usiku hucheleweshwa. Hospitali za kanisa hutofautiana mno: nyingine hulipa tarehe 25 bila kukosa, nyingine husubiri mgao wa serikali.

Polikliniki hulipa mapema, na kodi ya nyumba, nauli na chakula cha mchana huondoka na sehemu kubwa. Wilayani nilikaa nyumba ya hospitali, nikinunua samaki mwaloni. Nilibakiwa na fedha nyingi zaidi kijijini kwa mshahara mdogo. Ukidaiwa mkopo wa masomo, Bodi ya Mikopo itachukua asilimia 15 ya mshahara popote ulipo, kwa hiyo hiyo usiiweke kwenye mizani.

Wakenya wanaosoma hapa watacheka kwamba naongea pesa kwa aya mbili. Kwao mwaka 2024 mgomo wa siku 56 ulitokana kwa sehemu kubwa na malipo ya intern: makubaliano ya 2017 yaliyofikia takriban shilingi 206,000 za Kenya kwa mwezi, na serikali ikitaka kulipa 70,000. Na kwa kuwa kaunti ndizo zinazoajiri, daktari wa Kenya anayechagua kwenda mashambani anachagua pia kaunti yenye tabia ya kulipa kwa wakati. Waulizeni waliokwisha kukaa huko, si tangazo la kazi.

Masters

Hapa kuna uvumi mwingi. Vyuo vya tiba kama MUHAS, KCMC na Bugando havikuongezei alama eti ulikaa kijijini. Wanaangalia ufaulu wako, intern uliyomaliza, usajili, na zaidi ya yote kama una mlipaji.

Faida ya wilaya iko kwenye huyo mlipaji. Ukiajiriwa na serikali, ukapita miezi 12 ya majaribio ukathibitishwa, na jina lako likaingia kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri, unaweza kupata ruhusa ya masomo huku mshahara ukiendelea. Miaka mitatu au zaidi ya ubingwa na mshahara, au bila mshahara, ni maisha mawili tofauti. Polikliniki haitakupa hilo. Itakuaga kwa keki.

Kwa anayetaka upasuaji, kuna njia nyingine ambayo wengi wanaisahau: Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, chenye makao Arusha. Mafunzo yake ni miaka mitano na hufanyika hospitalini, ukiwa kazini, kwenye vituo vilivyoidhinishwa, vikiwamo baadhi vya dini. Anayekwenda hospitali ya kanisa mwaka mmoja na kuonekana kwamba ana mikono na adabu, wakati mwingine huishia kubaki hapo kama mwanafunzi wa upasuaji. Ndiyo sababu ofa ya binti huyu niliitazama mara mbili.

Gharama ya wilaya kwa upande huu ni kusahau kusoma. Intaneti ipo siku hizi, kisingizio hicho kimekufa. Kinachokosekana ni watu wa kubishana nao. Mjini unakutana na wenzako, unasikia nani kaomba wapi na dirisha linafungwa lini. Mimi nilikosa mwaka mmoja wa maombi kwa sababu tu sikujua tarehe, na hakuna wa kumlaumu.

Mradi: njia ya tatu

Kuna ambao wataniuliza kuhusu kazi za miradi, hasa ya VVU na kifua kikuu. Gari zuri, mshahara mkubwa, unazunguka wilaya zote. Miaka kumi iliyopita ningekwambia nenda. Lakini Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, watu niliowajua walipokea barua ya kusimama kazi ndani ya siku chache, wakiwa na mikopo ya benki. Tena mradi hukufundisha ugonjwa mmoja na jedwali nyingi. Kama unaelekea afya ya jamii au utafiti, bado ni shule nzuri, ila ingia ukiwa umeshatibu watu kwa mikono yako.

Nyumba, ndoa na upweke

Nimezoea kuona jambo hili likiwekwa mwisho, na hapa pia limeangukia mwisho, ingawa ndilo huwarudisha wengi mjini. Mchumba wangu wa wakati ule alikuwa benki Dar. Tuliachana mwezi wa nane kwa simu, mtandao ukikatika kila dakika mbili, kiasi kwamba sehemu muhimu ya mazungumzo sikuisikia.

Anayetoka kijijini huvumilia zaidi, na hili si hisia tu. Mwongozo ule wa WHO unapendekeza vyuo vidahili wanafunzi waliokulia vijijini kwa sababu ndio wenye uwezekano mkubwa wa kurudi na kubaki. Ukikulia mjini, Sinza ya Dar kwa mfano, haimaanishi hutaweza, inamaanisha ujiandae. Kwa daktari wa kike nitaongeza: nyumba iwe ndani ya uzio wa hospitali, na pawe na mtu wa kukusindikiza usiku ukiitwa wodini. Asiye na jibu la hilo asikuajiri.

Upande mwingine wa sarafu hiyo ni kwamba kijijini unakuwa mtu. Unaalikwa harusi, unaletewa kuku, ukiugua malaria nusu ya kijiji inakuja kukuangalia, na mganga wa kienyeji wa jirani anakusalimia kwa heshima inayokutia wasiwasi. Polikliniki nilifanya miezi 8 na mlinzi ndiye pekee aliyejua natoka mkoa gani.

Sasa, uchukue ipi?

Kama unataka kazi ya kisu au uzazi, na hospitali ya wilaya ina mtu wa kukusimamia, nenda, wala usihesabu siku. Kama unataka magonjwa ya ndani, tafuta nafasi hata ya mkataba kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa kabla ya polikliniki. Ina wagonjwa wa kulazwa na ina bingwa wa kugombezwa naye. Mwenye mzazi mgonjwa mjini, au mtoto mchanga, au madeni yanayobana shingo, achukue polikliniki bila kuona haya, lakini ajiwekee mwisho wa mwaka mmoja na aombe siku moja kwa wiki kuhudhuria raundi hospitali kubwa. Na kama wilaya haina msimamizi, sikushauri uende hata kama una moyo wa chuma. Wagonjwa hawana moyo wa chuma.

Kabla ya kusaini, usimpigie afisa utumishi. Pata namba ya muuguzi wa zamu wa chumba cha upasuaji au wodi ya wazazi, jitambulishe vizuri, uliza haya. Mwezi uliopita mlipasua wangapi? Benki ya damu leo ina chupa ngapi? Umeme ukikatika jenereta inawaka baada ya muda gani, na mafuta yapo? Aliyekuwa kwenye nafasi hii kabla yangu alikaa muda gani, na aliondokaje? Kisha lile kubwa: Jumamosi saa saba usiku, daktari mgeni akikwama tumbo likiwa wazi, anakuja nani?

Binti alipiga. Aliyepokea alikuwa muuguzi wa theatre, akamwita mwanangu hata kabla ya kumaliza kujitambulisha. Chupa za damu zilikuwa sita. Jenereta inawaka, ila hupigwa teke kwanza. Aliyetangulia alikaa miaka mitatu, sasa yuko Moshi anasomea ubingwa. Kuhusu Jumamosi usiku muuguzi alicheka: "Padri anaishi mbali, lakini daktari mkuu anakaa nyumba ile pale, naona taa yake. Na akichelewa nampigia mke wake."

Amenitumia picha ya tiketi ya basi, Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, stendi ya Magufuli. Nimemkumbusha achukue tochi ya kichwani na betri za akiba.